Jibu la Mama Kuhusu Ziwa

Jumatatu, 22 Aprili 2024

Leo nimejua kile chuma cha stoo ni nini.

Tangu kidato cha kwanza napita mlango wa stoo ya hosteli na kukiona. Reli ndefu, kiti kidogo, gurudumu lenye wavu mbele. Fred, anayetunza hosteli, huanika juu yake matambara na mabuti yake. Naima, ninayelala naye chumba kimoja, aliwahi kusema ni kitanda cha kunyooshea migongo ya wazee. Kumbe ni mashine ya kupiga makasia! Ilikuja kwenye kontena la marafiki wa kanisa, pamoja na baiskeli. Baiskeli zilipata wenyewe siku hiyo hiyo. Hii haikutakiwa na mtu.

Mwalimu Obed wa Fizikia ndiye aliyeitambua. Alipokuwa chuo Mwanza alikuwa anapiga makasia na wenzake ziwani. Ametuonyesha tangazo kwenye simu: kambi ya vijana wa makasia, Matema, wiki mbili, mwezi wa sita. Masharti matatu. Mita elfu mbili kwenye mashine kwa dakika tisa au pungufu. Jumla ya masaa nane kwenye maji halisi pamoja na mtu mzima anayejua. Fomu yenye saini ya mtu mzima huyo na ya mzazi.

Akauliza nani anataka kujaribu. Wasichana walicheka. Mimi sikucheka, wala sikunyoosha mkono. Wote walipoondoka nilikuwa bado nimesimama pale, kama mtu aliyesahau kitu.

Labda ni kwa sababu ni mchezo wa kukaa. Hakuna mpira wa kukupiga usoni. Hakuna wenzako wanaokupigia kelele utoe pasi. Unakaa, unavuta, unanyamaza. Nikawaza: hii naiweza.

Jumatano, 24 Aprili 2024

Dakika kumi, sekunde hamsini na mbili.

Siiwezi!

Nilifikiri ni kazi ya mikono. Mwalimu Obed anasema ni ya miguu: sukuma kwa miguu, kisha mgongo, mikono mwisho kabisa. Kurudi ni kinyume chake: mikono, mgongo, miguu. Anasema pia kurudi kusiwe na haraka. Anayeharakisha kurudi ndiye anayechoka. Nimeliandika hilo nyuma ya daftari la Fizikia.

Gurudumu linavuma kama upepo wa Kyimo mwezi wa saba. Naima alikaa juu ya gunia la maharage akinisomea namba za kwenye skrini. Mita mia nne zilipobaki niliona nyota. Aliniambia baadaye kwamba nilitoa sauti kama ndama. Nilimwomba asimwambie mtu. Akasema, "Tuse, nani ataniuliza habari za ndama?"

Fred amehamisha mabuti yake bila kinyongo. Ameuliza mashine hii inakwenda wapi. Nikamwambia haiendi popote. Akasema basi imenipata mimi, kwa sababu na mimi siendi popote, kila siku maktaba.

Jumamosi, 27 Aprili 2024

Nyumbani tangu juzi jioni badala ya Ijumaa kama kila wiki, kwa sababu jana ilikuwa sikukuu ya Muungano. Mvua. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba.

Nimempata mtu mzima anayejua. Nilikuwa naye muda wote huu!

Babu Ambindwile alikuwa seremala wa bandari Itungi kwa miaka ishirini na sita. Alitengeneza mashua ndogo za meli, na alizipiga makasia mwenyewe kuwafuata watu meli ilipotia nanga. Alipostaafu alijitengenezea mashua ya mbao na kuiweka hapa Kisiba, chini kwenye ziwa letu dogo. Mgongo ukamkataa. Mashua imelala kifudifudi chini ya miti miaka minne sasa. Nilipomweleza habari ya kambi, aliweka chini kikombe cha chai na kunitazama kama vile nimemletea barua ya kurudishwa kazini.

"Unajua kwamba mwenye makasia anakaa kinyume?" aliniuliza. "Anaipa mgongo safari yake?"

Nikasema najua, mashine nayo iko hivyo.

"Hawa wa hapa wanatia kafi kwenye mtumbwi wakitazama mbele, kama mtu anayekoroga uji," akasema. "Mimi nitakufundisha kazi ya meli."

Halafu akasema, "Lakini kamuulize mama yako. Mtoto ni wa kwake kwanza. Nisije nikampanda kichwani."

Hapa lazima niandike jambo ambalo kwetu hakuna anayeliandika, kwa sababu kila mtu anaishi nalo. Mama na Babu hawaongei. Hawajagombana. Ni heshima: mama ni mkamwana, Babu ni mkwe, na kwetu mkamwana hamtazami mkwe wake usoni, hakai naye mahali pamoja, halitamki jina lake. Babu akipita njiani, mama huingia kwenye majani na kugeuka. Wanakaa uwanja mmoja, nyumba mbili, migomba katikati. Mama akimpelekea chakula, ni mimi ninayekibeba. Hata simu! Siku moja baba akiwa nyumbani, Babu alipiga simu yake na mama akapokea kimakosa. Aliiweka mezani kama imemuunguza.

Kwa wengine mambo haya yamelegea siku hizi. Kwetu hayajalegea. Baba anaendesha lori la Tunduma na Lubumbashi, anakuja mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo maneno yote kati ya nyumba ile na hii hupita kwangu. Nilianza nikiwa na miaka mitano.

Na niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Siyapeleki kama yalivyo. Babu akisema, "Mwambie chumvi si mchanga wa kumwaga," mimi humwambia mama, "Babu anashukuru, ila daktari kamwambia apunguze chumvi." Mama akisema, "Mwambie kuku wake wamemaliza mchicha wangu," mimi humwambia Babu, "Mama anauliza kama kuku wako salama, amewaona mbali na nyumbani." Hawajawahi kukwazana. Huwa najisikia fahari kidogo.

Sijamuuliza mama bado. Nitauliza wiki ijayo.

Jumanne, 30 Aprili 2024

10:19. Sekunde thelathini na tatu pungufu! Malengelenge manne. Naima kanifunga kitambaa na kuniambia mikono yangu sasa inafanana na ya baba yake anayebeba viroba sokoni. Nadhani alikuwa ananisifu.

Jumamosi, 4 Mei 2024

Nimeuliza.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Mashine hana neno nayo. "Hiyo iko chumbani. Ukianguka unaangukia sakafu." Nikasema habari ya Babu na mashua. Kisu kikasimama.

"Hapana."

Nikasema Babu anajua maji. Akasema hana shaka na elimu ya mtu yeyote. Nikasema kuna jaketi la kuelea, Mwalimu Obed ataniazima. Akasema lile ziwa halina mto unaoingia wala unaotoka, na hakuna aliyewahi kuliona chini yake. Mwaka alioolewa lilichukua vijana wawili wa Lufingo mchana kweupe, wakioga, wakicheka. Yeye mwenyewe aliwasikia wakicheka.

"Nina mtoto mmoja, Tusekile. Mwambie babu yako: hapana. Mwambie kwa heshima, lakini iwe hapana."

Kutoka mlango wa mama mpaka mlango wa Babu ni hatua arobaini na tatu. Nimezihesabu tangu utoto. Nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kuilainisha ile hapana. "Mama anashukuru sana, ila masomo." Nilikuwa nayo mdomoni.

Nikamkuta Babu uwanjani. Amekaa kwenye kigoda, ana randa mkononi, anachonga makasia mapya. Moja lilikuwa tayari. Alilisimamisha wima kando yangu. Lilipita kichwa changu kwa shubiri mbili.

"Lile la zamani ni zito kwako," akasema. "Mama yako amesemaje?"

Nikasema, "Amekubali. Amesema nivae jaketi."

Ilitoka hivyo tu. Kwa sauti yangu ya siku zote.

Babu akaitikia kwa kichwa polepole. "Ndaga fijo," akasema, yaani ahsante sana, lakini hakuniambia mimi. Alisema akiwa ameielekea nyumba yetu.

Jumapili, 5 Mei 2024

Kanisani sikuimba.

Nimejaribu kujieleza. Kwamba nimelainisha tu, kama kawaida, ila safari hii kidogo zaidi. Si kweli. Chumvi iliyopunguzwa ni chumvi. Hapana iliyogeuzwa ndiyo si hapana tena.

Ningeweza kurudi jioni na kusema nilikosea kusikia. Hatua arobaini na tatu. Nimebaki ndani nikisoma Historia, ukurasa mmoja mara sita.

Jumamosi, 11 Mei 2024

Maji!

Mama anauza ndizi gulioni kila Jumamosi. Huondoka saa kumi na mbili na kurudi mchana. Saa moja Babu na mimi tulikuwa tumeshashuka. Vijana wawili wa jirani walitusaidia kuigeuza mashua. Chini yake kulikuwa na kiota cha panya na chupa moja ya Babu, ambayo aliitia mfukoni bila maelezo.

Mashine haikunifundisha kitu kimoja: kwamba maji yana mawazo yake. Kwenye mashine, ukivuta vibaya namba inapanda, basi. Hapa kasia la kushoto lilizama mpaka kwenye mkono na la kulia likapiga hewa. Nikaanguka chali. Miguu juu! Watoto waliokuja kuchota maji walicheka mpaka wakakaa chini. "Anatafuta hela za Wajerumani!" mmoja akapiga kelele, maana watu wanasema zimezama humu. "Dada, umeziona?"

Babu anakaa tezini, nyuma ya mashua, akishika usukani, amenitazama. Yeye anaona mbele tunakokwenda. Mimi naona nyuma tunakotoka, na uso wake. Hanipigii kelele kama nilivyoogopa. Anahesabu kwa Kinyakyusa, taratibu, na nikiharibu anafyonya tu. "Usilichimbe ziwa, gwe. Hakuna viazi humo. Mara moja tu, juu juu, kisha vuta."

Katika saa ya pili ilinijia mara moja, kwa hatua kama saba au nane za makasia mfululizo: makasia yote mawili yakaingia pamoja, yakatoka pamoja, na mashua ikateleza yenyewe chini yangu nikiwa narudi mbele na kiti. Hapana, mashua haina kiti kinachoteleza, ni mwili wangu tu. Lakini niliisikia. Ukimya wake! Sauti ya matone kutoka kwenye makasia, basi. Nikaelewa kwa nini kurudi kusiwe na haraka. Wakati unaporudi ndio mashua inapokwenda.

Nilisahau kila kitu. Hata mama.

Kisha Babu akasema, "Mama yako ana moyo. Sikutegemea angekubali. Analiogopa sana ziwa hili, najua." Nikakosa hatua.

Jumatano, 15 Mei 2024

9:34.

Mwalimu Obed ameniuliza mzazi anaonaje. Nikasema vizuri. Sasa ni watu wawili.

Naima anajua. Nilimwambia jana kwa sababu sikuweza kula. Anasema baba yake huona kule sokoni: watu wawili wakikataa kuongea, yule wa katikati ndiye mwenye mzigo wote. Halafu akasema, "Lakini wewe hujabeba mzigo wao. Umebeba wa kwako ukausema ni wao." Nikageukia ukuta. Amewahi kunikasirisha, lakini si kwa kuwa sahihi.

Jumamosi, 18 Mei 2024

Masaa mawili mengine. Yamefika manne.

Nashangaa kwamba hakuna aliyemwambia mama. Watoto wanaona. Wanaofua wanaona. Leo hata Mama Amoni, jirani yetu wa juu, alisimama na ndoo yake akatupungia. Nimewaza mpaka nimepata jibu: kwa sababu kila mtu anaona, kila mtu anadhani mama anajua. Nani atakwenda kumwambia mtu habari za mtoto wake mwenyewe?

Babu amenyooka. Kweli. Anashuka mteremko bila fimbo. Leo alinisimulia jinsi alivyompakia kapteni mlevi usiku wa dhoruba pale Itungi, na kapteni akataka kuoga. Alicheka mpaka usukani ukamponyoka tukaingia kwenye majani. Sijawahi kumwona akicheka hivyo. Ni mkali, huwa anafukuza hata wainjilisti. Nikisema ukweli sasa, nitamnyang'anya na hiki.

Naona hili nalo ni namna ya kujieleza.

Jumamosi, 25 Mei 2024

Masaa sita. Mvua zimeisha. Asubuhi mlima Rungwe ulionekana mzima.

Mikono yangu imekuwa migumu. Mama aliishika akaigeuza, akasema mashine hiyo inakula watu. Akanipaka mafuta ya nazi, kidole kwa kidole. Nilitaka kusema pale pale. Nilifungua mdomo kabisa. Akasema, "Unataka nini, chai?" Nikasema ndiyo.

Jumatano, 29 Mei 2024

8:57!!!

Nimeandika namba hii mara tatu kwenye kiganja. Mita mia tano za mwisho sikuona skrini, nilimsikia Naima tu akipiga kelele "Ndama! Ndama!" na Fred mlangoni na ufagio akipiga kelele bila kujua kwa nini. Mwalimu Obed alitazama skrini, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Akasema fomu iwe mezani kwake Jumatatu, hata kama shule itakuwa imefungwa. Masaa mawili ya maji, saini mbili, basi.

Nilifurahi kwa muda wa kutoka stoo mpaka bombani.

Saini mbili. Ya Babu naipata. Ya mama je? Fomu imeandika "mzazi au mlezi". Nimelitazama lile "au" muda mrefu.

Ijumaa, 31 Mei 2024

Shule imefungwa. Nimefika saa tisa kwa bodaboda, begi la vitabu mgongoni, fomu ndani ya Atlasi.

Mezani kwetu kuna mkungu wa ndizi. Mkubwa, wa matoke, kutoka migomba ya Babu ya kule bondeni, ile asiyomgawia mtu.

"Babu yako kautuma," mama akasema. "Kwa mkono wa Mama Amoni."

Kwa Mama Amoni! Nilikuwa shuleni. Hakuningoja.

"Kasemaje?" nikauliza.

"Anashukuru."

"Labda kwa chakula."

"Labda," mama akasema. Akaenda kuwasha moto.

Usiku huu hajaniuliza kitu kingine. Ameniwekea kipande kikubwa cha nyama.

Jumamosi, 1 Juni 2024

Mama aliondoka saa kumi na mbili na tenga lake kama kawaida. Nilimsikiliza mpaka nyayo zikaisha.

Ziwa lilikuwa limetulia, ukungu mwembamba juu yake. Babu alivaa kofia yake ya bandari. Tulisukuma. Nikaanza kuvuta, miti ya pale inapolala mashua ikaanza kwenda mbali, njia ya kushukia ikaanza kwenda mbali. Nilikuwa navuta vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Sijawahi kuvuta vizuri kama leo.

Masaa mawili yalikuwa karibu kutimia, tukiwa mita mia hivi kutoka ukingoni, nilipoona mtu anashuka ile njia. Ana tenga kichwani. Tenga bado limejaa.

Babu alikuwa ameupa ukingo mgongo. Yeye hakuona. Niliona mimi peke yangu.

Mama alifika chini. Akatua tenga. Akanitazama, nadhani kwa muda wa hatua mbili za makasia. Kisha akavuta kanga mpaka usoni akageuka, kwa sababu Babu alikuwa ndani ya mashua. Mtoto wake mmoja yuko juu ya lile ziwa, na yeye amesimama ameligeuzia mgongo. Hawezi kuita. Hawezi kutazama. Mabega yake tu.

Nikaacha kuvuta.

"Vuta!" Babu akasema. "Nani kakwambia upumzike?"

"Mama yuko ukingoni."

Babu akainamisha kichwa mara moja. Hakugeuka hata kidogo. Akashusha kofia. Halafu, chini ya ile kofia, nikaona anatabasamu.

"Amekuja kukutazama," akasema kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani. "Mwonyeshe, mwanangu. Vuta vizuri, amwone mtoto wake."

Nilivuta. Sikujua la kufanya jingine. Nilivuta hatua kama thelathini, nikiyatazama yale mabega, na Babu akahesabu, na kila hatua ilikuwa safi.

Babu hakuweza kurudi pale alipokuwa mama. Akaniamuru tushukie ng'ambo, ambako hakuna njia. Mzee wa miaka sabini na mbili alipanda ule mteremko wa vichaka kwa mikono na magoti ili mkamwana wake apate nafasi ya kuondoka kwa heshima. Nilimsukuma kwa nyuma. Alikuwa anahema na kufurahi. Akataka nimpe fomu tulipofika juu. Nikampa.

Baadaye, siku hiyo hiyo

Mama alikuwa jikoni. Mkungu bado mezani, hajaukata.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Nani alimwambia babu yako kwamba nimekubali?"

"Mimi."

"Mimi nilisemaje?"

"Hapana."

Akakaa. Nilidhani atazungumza juu ya maji, juu ya vijana wa Lufingo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo. Akawa anakunja pindo la kanga na kulikunjua.

Kisha akasema, "Mwaka ule mtoto wa pili alipofariki, nilifunga mizigo nirudi kwetu Kisondela. Unakumbuka?"

Nikasema nakumbuka. Nilikuwa na miaka tisa.

"Babu yako alikutuma. Ulikuja ukasema: 'Babu anasema hii ni nyumba yako, na hata usipozaa tena hakuna atakayekutoa.' Nikafungua mizigo." Akanitazama. "Alisema hivyo?"

Nikautazama mkungu.

"Tusekile. Miaka yote hii nilikuwa naongea na yeye, au nilikuwa naongea na wewe?"

Nakumbuka vizuri sana. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alisema neno moja. "Abaki." Mengine yote niliyaweka mimi, njiani, kwenye zile hatua arobaini na tatu, kwa sababu nilitaka mama asiondoke. Sijui kama Babu alikuwa nayo moyoni. Niliamini anayo. Sikuwahi kuuliza.

Nilimwambia mama hivyo hivyo. Neno moja, na mengine.

Hakulia. Ingekuwa afadhali. Alisimama, akafunua sufuria, akaifunika tena.

"Nenda kwa babu yako," akasema. "Mwambie nilikataa. Kwa maneno yangu, usiongeze, usipunguze. Halafu muulize neno la mwaka ule. Uniletee jibu lake kama lilivyo. Hata likiwa baya."

"Na kambi?" nikauliza. Naona aibu kuandika kwamba niliuliza.

"Sijafika kwenye kambi," mama akasema. "Bado niko kwenye ile mizigo."

Niko migombani sasa, katikati, nimekaa juu ya jani lililoanguka. Nimesema nakwenda chooni kwanza na nimechukua daftari. Nimeandika maneno ya mama yote hapa, ili nisiyaguse nikiwa natembea. Nimeyasoma mara mbili. Ni machache. Ukiyasema polepole hayamalizi hata hatua kumi.

Namwona Babu kutoka hapa. Amekaa uwanjani, bado ana kofia, magoti yana matope ya ule mteremko. Fomu iko juu ya ubao wa randa. Ameshaweka saini yake, naiona, kubwa, imevuka mstari. Makasia ameyaegemeza ukutani yakauke.

Ameniona. Ananiita kwa mkono, haraka haraka, kama mtoto mwenye siri.

Anauliza kama mama amefurahi.